Matairi ya kempavani ya kilo 3,500: CP, C au ya kawaida, na yafungwe vipi?

BatiNaGodoro

Wakuu habari. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela.

Gari ni vani ya mizigo iliyogeuzwa kuwa kempa: kitanda, jiko, betri mbili, tangi la maji la lita 100 upande wa kulia nyuma. Bamba la uzito kwenye nguzo ya mlango linasema jumla kilo 3,500, ekseli ya mbele 2,100, ya nyuma 2,400. Nyuma ni tairi moja kila upande. Rimu ni za chuma, 6Jx16, na valvu ni zile za mpira za kawaida. Matairi yaliyopo ni 225/75R16CP 118R. Kashata (meno ya tairi) bado zimebaki zaidi ya milimita 5, ila ubavuni kuna nyufa nyembamba, na DOT (namba ya tarehe ya kutengenezwa, iko ubavuni) inaishia na 1414.

Saizi ileile nimepata aina tatu:

- 225/75R16CP 118R
- 225/75R16C 121/120R
- 225/75R16 104T, ya magari madogo. Muuzaji anasema "ni laini zaidi barabarani" na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote.

Maswali: Ni lazima iwe CP? Haya ya sasa yanaweza kumaliza safari moja zaidi? Nijaze upepo kiasi gani? Na kwenye kufunga, kipi nisimamie mwenyewe na kipi nimwachie fundi?

---

EkseliYaNyuma

Karibu mkuu. Nianze na hilo la tatu: achana nalo, hata ungepewa bure. Ile 104 ni uwezo wa kubeba, na maana yake tairi moja linabeba kilo 900. Mawili ni 1,800. Bamba lako linaruhusu 2,400 nyuma, kwa hiyo umepungukiwa kilo 600 kabla hujapakia hata sufuria. Na huo ulaini anaousifu muuzaji ndio ugonjwa wenyewe. Ubavu laini chini ya mzigo unapinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, kupinda huko kunazaa joto, joto linaachanisha mpira na nyaya zake, mwishowe tairi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo. Mara nyingi linapasuka la nyuma, siku ya jua kali, kwa sababu uzito uko huko.

Namba utakazokutana nazo kwenye vani ni hizi, kilo kwa tairi moja:

104 = 900
107 = 975
109 = 1,030
112 = 1,120
113 = 1,150
116 = 1,250
118 = 1,320
120 = 1,400
121 = 1,450

Zidisha mara mbili, linganisha na bamba. Kwako 113 inatoa 2,300, haitoshi. 116 inatoa 2,500, inapita kwa kusukumana. 118 inatoa 2,640 na 121 inatoa 2,900, hizo ni sawa. Ukiona namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 121/120, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake upande mmoja, ya pili ni ya matairi pacha. Wewe tazama ya kwanza. Herufi ya mwisho ni mwendo: N ni 140 km/h, Q 160, R 170, T 190. Kwa kempa R inatosha kabisa, ila usishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Kuhusu CP na C. Yote mawili ni matairi ya magari ya kazi, yenye nyuzi na ubavu mzito. C ni la mizigo kwa ujumla. CP limetengenezwa kwa ajili ya kempa, likizingatia jambo moja ambalo wengi hawaliwazi: vani ya mizigo hupakia asubuhi ikapakua jioni, lakini kempa haipakui kamwe. Makabati, tangi, betri na godoro vinakaa juu ya matairi usiku na mchana, mwaka mzima, na gari lenyewe huegeshwa miezi. Ndiyo maana CP limeruhusiwa upepo wa juu zaidi kwenye ekseli ya nyuma.

Je, ni lazima? Kiufundi C lenye uwezo sawa au zaidi linabeba mzigo uleule, na 121 limezidi 118 lako. Lakini kama hati za gari zimeandika CP, soma sheria za kwenu na masharti ya bima kwanza. Pasipo kizuizi, kati ya CP jipya la 118 na C jipya la 121 mimi ningechukua lile lenye tarehe mpya zaidi.

Hayo ya sasa yatoe. DOT 1414 ni wiki ya 14 ya mwaka 2014. Watengenezaji wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata zimejaa. Kempa haili kashata haraka. Matairi yake yanazeeka yakiwa yamesimama, na nyufa unazoziona ndiyo dalili.

---

UpepoKamili

Naongeza kidogo tu. Kwa CP usipoteze muda na hesabu: psi 80 nyuma, psi 80 mbele, basi. Upepo mwingi haujawahi kupasua tairi, upepo kidogo ndio unaopasua.

---

EkseliYaNyuma

Nyuma nakubaliana nawe kwa CP. Mwongozo uliozoeleka wa CP kwenye ekseli ya nyuma yenye tairi moja kila upande ni bar 5.5, ambayo ni psi 80. Mbele sikubaliani. Mbele ya kempa nyingi ni nyepesi kuliko nyuma, na tairi lililojazwa kupita mzigo wake linagusa barabara kwa katikati tu. Breki kwenye lami yenye maji inadhoofika, usukani unakuwa mwepesi na unarukaruka, kashata za katikati zinaisha mapema, na kila shimo linapokelewa na shokomzoba na makabati.

Halafu kuna mtego hapo. Mtu anatoa CP, anafunga C, anaendelea na bar 5.5 kwa mazoea. C lina kikomo chake kilichoandikwa ubavuni, kwa kPa au psi, na baadhi hayafiki 5.5. kPa 100 ni bar 1, na bar 1 ni psi 14.5. Soma ubavu kabla ya kugusa kompresa.

Kwangu utaratibu ni huu: bamba linachagua tairi, mizani inachagua upepo. Namba ya uwezo inunuliwe kwa kulingana na kilo za juu kabisa zilizoandikwa kwenye bamba, hata kama hujawahi kuzifikia. Upepo ujazwe kwa kilo halisi ulizopima.

---

FundiKiraka

Nimeona hakuna aliyegusa valvu, na hapo ndipo kempa nyingi zinaponyongwa.

Valvu ya mpira ya kawaida, TR413, mwisho wake ni bar 4.5 (psi 65). Ukiijaza 5.5 haitapasuka siku hiyo. Itavimba taratibu shinani, pale inapopita kwenye tundu la rimu, itachanika kwa kuzunguka, na itaachia upepo wote kwa mara moja mwendoni. Valvu za mpira za presha kubwa zipo, kwa mfano TR600HP, zina gamba la chuma shinani na zinastahimili psi 80. Kwa kuwa wewe utakuwa palepale kwenye psi 80 ukichukua CP, funga za chuma zinazobanwa kwa nati. Muulize fundi tundu la rimu lako ni milimita 11.3 au 15.7, maana valvu haziingiliani. Na mpira wa kuzibia chini ya valvu ya chuma nao huzeeka, kwa hiyo ubadilishwe kila tairi jipya linapoingia.

Kama gari lina sensa za upepo, hizo sensa zina shina lake. Hakikisha shina limeidhinishwa kwa presha utakayotumia, badilisha moyo wa valvu (kile kipini cha ndani kinachozuia upepo), mpira na nati yake, na usifunge kofia ya shaba juu ya shina la alumini, vitagandana. Kofia ya plastiki inatosha. Betri ya sensa imo ndani yake na haibadilishwi peke yake, kwa hiyo sensa yenye miaka 7 au 8 ni afadhali ibadilishwe tairi likiwa tayari liko wazi.

Sasa kazi ya fundi, uisimamie ukijua unachoangalia:

Upepo utolewe wote kwa kufungua moyo wa valvu, ndipo ukingo wa tairi ubanduliwe kwenye rimu. Tairi likitoka, rimu ikaguliwe pale ukingo unapokaa. Rimu ya chuma ya zamani huwa na kutu hapo, na kutu hiyo ndiyo chanzo cha "tairi linapungua polepole na pancha haionekani". Isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka iwe laini, ipakwe rangi nyembamba, ikauke. Kama kutu imekula mashimo, au rimu ina ufa karibu na matundu ya nati, haifai tena, wala usikubali ichomelewe.

Ukingo wa tairi upakwe mafuta maalumu ya kufungia matairi. Si grisi, si oili, si petroli, si silikoni. Grisi inakula mpira na haikauki, matokeo yake tairi linateleza juu ya rimu ukikanyaga breki na balansi inavurugika wiki ya kwanza tu. Sabuni ya vyombo yenye chumvi inaleta kutu.

Kama kuna nukta ya njano kwenye tairi, hapo ndipo tairi lilipo jepesi, ikae palepale ilipo valvu. Nukta nyekundu ni pale tairi lilipo nene au gumu zaidi, nayo inalinganishwa na alama ya rimu iliyo chini zaidi kama rimu inayo. Angalia pia mshale wa mzunguko, au maandishi ya upande wa nje. Kosa hili ni la kijinga ila linatokea kila siku, hasa matairi manne yakifungwa kwa haraka.

Kukalisha ukingo: moyo wa valvu uwe nje ili hewa iingie kwa kasi, watu wasimame pembeni, si mbele ya ubavu. Utasikia milio miwili, kila ukingo na wake. Kama umefika psi 40 na ukingo haujakaa, usiongeze. Toa upepo wote, paka mafuta tena, sogeza tairi, anza upya. Kulazimisha hapo ndiko kunakovunja waya wa ukingo, na tairi likiruka kwenye rimu linaua. Ukishakaa, tazama ule mstari mwembamba uliochorwa kwenye mpira karibu na rimu: umbali wake mpaka kwenye rimu uwe sawa kuzunguka pande zote. Mahali ulipozama, ukingo haujakaa. Ndipo moyo wa valvu unarudishwa, upepo kamili unajazwa, na maji ya sabuni yanapakwa kwenye valvu na ukingo kutafuta mapovu.

Balansi: rimu nyingi za chuma za vani hazina tundu la katikati lililochongwa kwa usahihi, kwa hiyo koni ya mashine inazishika upande. Mwambie fundi atumie sahani inayoshika kwa matundu ya nati. Kama usukani unatikisika kati ya 90 na 110 km/h na fundi anakuonyesha sifuri kwenye mashine, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta.

---

BatiNaGodoro

Asanteni sana. Nimepeleka gari mizani likiwa limejaa kila kitu: maji, gesi, mafuta, watu wawili ndani. Mbele 1,560. Nyuma 1,980, kulia 1,060 na kushoto 920. Jumla 3,540, yaani nimezidi kilo 40! Mbona bamba linasema 2,100 na 2,400, ukijumlisha ni 4,500?

CP zenye tarehe nzuri zimeisha, nabaki na C 121/120R, DOT 0825 yote manne. Ubavuni imeandikwa kikomo cha kilo 1,450 kwa kPa 575.

---

MizaniKwanza

Jumla ya ekseli huzidi jumla ya gari makusudi, ili upate nafasi ya kupanga mzigo mbele au nyuma. Haina maana kwamba unaruhusiwa kujaza zote mbili. Kikomo ni 3,500. Kilo 40 ni lita 40 za maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Safiri na tangi lisilozidi nusu, jaza unapofika. Kwa kufanya hivyo unatoa kilo 50 au zaidi, na kwa kuwa tangi liko kulia nyuma, unapunguza palepale palipozidiwa. Hitilafu ya kilo 140 kati ya kulia na kushoto ni kubwa kiasi. Hamisha betri au vyombo vizito kwenda kushoto ukiweza. Upepo wa ekseli moja unatakiwa kuwa sawa kulia na kushoto, kwa hiyo unajaza kwa kufuata upande ulioelemewa.

Hesabu. Jedwali la mtengenezaji wa tairi lako ndilo lenye neno la mwisho, liombe. Kama hulipati, makadirio ya matairi ya C ni: gawa mzigo wa tairi kwa uwezo wake wa juu, jibu lipandishe kwenye kipeo cha 1.25, kisha zidisha kwa upepo wa kikomo.

Nyuma: tairi la kulia linabeba 1,060. Ongeza asilimia 10 ya akiba, kwa ajili ya kona, upepo wa pembeni na vitu utakavyosahau kupima: 1,166. Gawa kwa 1,450 upate 0.804. Kwenye kipeo 1.25 ni 0.761. Mara bar 5.75 ni 4.38. Jaza bar 4.4, karibu psi 64.

Mbele: 1,560 kwa mbili ni 780. Weka 790 kwa kuwa hukupima kila upande. Na akiba ni 869. Gawa kwa 1,450, 0.599. Kipeo, 0.527. Bar 3.0, karibu psi 44. Hapa simama. Ukipiga breki mzigo unakimbilia mbele, na watengenezaji wa magari huweka kiwango chao cha chini kwa sababu hiyo. Kama kibandiko cha gari kinasema zaidi, fuata kibandiko. Binafsi nisingeshuka chini ya 3.5 kwa vani ya uzito huo.

Unaona sasa tofauti na psi 80 kila mahali? Nyuma pekee ni psi 16 zaidi ya zinazohitajika.

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla jua halijalipiga upande mmoja. Kwenye presha hizi, kila nyuzi 10 za joto zinaongeza karibu bar 0.2, na mwendo wa barabara kuu utaongeza zaidi ya hapo. Usiwahi kupunguza upepo kwenye tairi la moto. Likipoa litakuwa chini ya kiwango, na kesho utatembea nalo hivyo. Geji yenyewe iwe inayofika bar 7 au zaidi. Geji ya gari dogo inayoishia 4 inadanganya karibu na mwisho wake, na kompresa nyingi za kuchomeka kwenye soketi ya sigara zinapumua kwa shida zikivuka bar 4.

Na tairi likigundulika limetembea na upepo pungufu kwa asilimia 20 au zaidi, usilijaze ukaendelea. Livuliwe litazamwe ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira au mikunjo kuzunguka ubavu, limekwisha, ingawa kwa nje linang'aa.

DOT 0825 ni nzuri. Hakikisha tu ni manne kweli, maana tarehe kamili huandikwa ubavu mmoja pekee na ukishafunga inaweza kubaki upande wa ndani. Ipige picha kabla.

---

UpepoKamili

Nimekubali kwa mbele. Nyuma kwa CP bado nabaki na 80.

---

MizaniKwanza

Kwa CP sina ugomvi nawe.

---

NatiSaba

Kama matairi utafungiwa kwenye rimu pembeni kisha magurudumu urudishe mwenyewe, zingatia haya.

Sakafu ngumu na tambarare, hakuna mtu ndani, breki ya mkono juu, gia imeingia, kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Jeki ya tani 3 yenye kitako kipana. Ile iliyokuja na gari ilihesabiwa kwa vani tupu, si yenye kabati na maji. Sehemu za kupigia jeki zimo kwenye kitabu. Kwenye kempa sakafu imeongezwa matangi na mabomba chini, kwa hiyo hakikisha kichwa cha jeki kimekaa kwenye chuma cha gari. Nati zilegezwe robo mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Stendi iwekwe kabla ya kuvua gurudumu.

Uso wa habu na mgongo wa rimu usuguliwe kwa brashi ya waya. Gamba la kutu lililobaki katikati yao linasagika baada ya kilomita chache, na nati ulizokaza vizuri zinakuwa zimelegea bila mtu kuzigusa. Paka mafuta ya kuzuia kutu, kidogo sana, kwenye ule mzunguko wa katikati ya habu tu. Nyuzi za bolti na makalio ya nati (pale inapokaa kwenye rimu) vibaki vikavu na safi. Nyuzi zikiwa na oili, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) inasoma namba ileile lakini bolti imevutwa zaidi ya ilivyokusudiwa.

Anza zote kwa vidole, mizunguko kadhaa. Ikigoma kwa vidole, toa, kuna uchafu au imeingia mshazari. Kaza kwa kuruka, unaenda mkabala, kamwe si kwa kuzunguka mfululizo. Shusha mpaka tairi liguse chini lisizunguke, kisha toki. Namba ni ya gari lako, isome kwenye kitabu. Kwa mfano Fiat Ducato za rimu 15 ni Nm 160 na za rimu 16 ni Nm 180, Volkswagen Transporter T5 ni Nm 180. Rudia kupima baada ya kilomita 50. Mashine ya upepo ya kukazia ni ya kufungulia tu. Kwenye kufunga inavuta bolti na kupinda diski, na siku ya pancha porini hutazifungua kwa mkono.

Kama siku moja utahamia rimu za alumini, bolti za rimu za chuma huenda zisifae: urefu ni mwingine, na kalio linaweza kuwa koni badala ya duara. Pia tafuta namba ya uwezo iliyogongwa kwenye rimu. Rimu ya kilo 900 chini ya tairi la 1,450 ni rimu ya kilo 900.

---

KashataNene

Samahani kwa kudandia uzi. Nina vani kama hiyo ya magurudumu manne kuvuta, nataka 245/75R16 za kashata kubwa za matope. Inakubali?

---

EkseliYaNyuma

Piga hesabu ya kimo. 225/75R16: inchi 16 ni milimita 406.4, ubavu ni 225 mara 0.75 ambao ni 168.75, mara mbili 337.5, jumla 743.9. 245/75R16: 406.4 na 367.5, jumla 773.9. Umeongeza milimita 30, yaani asilimia 4. Dashibodi ikionyesha 100 wewe uko karibu 104. Gari linapanda milimita 15 tu, lakini tairi linakaribia madigadi ya mbele na bomba la breki usukani ukikatwa wote. Jaribu kwa kukata usukani pande zote gari likiwa na mzigo. Gari tupu halionyeshi ukweli. Rimu ya 6J nayo ni nyembamba kwa upana huo, tazama upana unaokubaliwa kwenye jedwali la mtengenezaji.

Na kuna matairi mawili yenye maandishi yanayofanana. 245/75R16 111T ni la magari ya abiria, kilo 1,090. LT245/75R16 120/116 lenye daraja E ni la mizigo, karibu kilo 1,400 kwa psi 80. La kwanza mawili ni 2,180, chini ya 2,400. Matairi ya abiria ya mfumo wa Marekani, yenye P mbele, yakifungwa kwenye vani au pikapu hugawanywa kwa 1.1, kwa hiyo hata hizo kilo hupati zote.

Kwa kuwa yako inavuta kote, nunua manne yanayofanana, chapa moja na kashata moja. Kimo kikitofautiana mbele na nyuma, difa ya katikati (inayogawa mvuto mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, inachemka. Hapohapo niseme kwa wengine: mtu wa magurudumu mawili kuvuta akinunua mawili tu, mapya yaende nyuma, gari livute mbele au nyuma. Nyuma ikiteleza kwenye maji kempa inageuka, na usukani hauirudishi.

---

BatiNaGodoro

Nimechukua C manne na valvu za chuma. Spea ni ile ya zamani, CP ya 1414, haijawahi kugusa lami. Naiacha?

---

FundiKiraka

Haijagusa lami lakini imekaa miaka ileile chini ya gari, na rimu yake bado ina valvu ya mpira. Nunua la tano la saizi na namba ileile, ujaze bar 4.4 ya nyuma. Likihitajika mbele ni rahisi kupunguza kuliko kuongeza porini. Ukilivua pale chini, mwagia mafuta ile waya ya winchi na uishushe na kuipandisha yote mara moja. Kutu huila ikiwa imejikunja kwenye ngoma, na huko haionekani mpaka siku unayoihitaji.